Matembezi na Mbwa wa Shamba: Mashauri kwa Mwanachama Aendaye Morogoro



Mara hii hatuzungumzi bei ya karafuu wala majamvi ya kuanikia. Twataka kuzungumza juu ya mbwa. Twajua wako watakaokunja uso wakiliona neno hilo katika jarida la wakulima, lakini twawaomba wasome mpaka mwisho, kwani ndani yake mna jambo linalohusu afya ya kisiwa chetu kizima cha Pemba.

Sababu ya kuandika ni hii. Msimu ukisha, mtu akiuza karafuu zake na kuwalipa wachumaji, hupenda kupumzika. Wengi wetu tuna watoto wanaosoma Morogoro au ndugu waliohamia huko, nasi huenda kuwatazama. Mtu akifika huko huwaona watu wakipanda mlimani asubuhi pamoja na mbwa wao, naye hupendezwa. Akirejea hutuletea maswali mawili. La kwanza: je, naweza kumchukua mbwa wangu wa shamba nikaenda naye Morogoro akanyooshe miguu? La pili: je, naweza kurudi na mtoto wa mbwa wa huko, maana naona ni wakali na wenye afya?

Tumeona bora kuwajibu wote kwa pamoja. Jibu letu kwa ufupi ni hili: tembea na mbwa, ni jambo jema kwako na kwake. Lakini mbwa wa kisiwani atembee kisiwani, na wewe ukiwa Morogoro tembea na mbwa wa mwenyeji wako. Mbwa asivushwe bahari kwa ajili ya furaha tu. Sasa tutaeleza sababu moja baada ya moja.

Mbwa wa shamba na haki yake

Mbwa wetu wana kazi. Wakati karafuu zimeanikwa, mbwa ndiye alalaye nje akisikiliza nyayo za mwizi. Muhogo ukianza kutia mizizi, mbwa ndiye amfukuzaye nguruwe. Na siku wasasi wanapokusanyika kwa mikuki na nyavu, hapana msako pasipo mbwa. Msaidizi kama huyu si mchezo wa watoto.

Wako wanaouliza kama dini yaruhusu. Jambo hili wanazuoni wetu wamelieleza zamani. Mtu amekatazwa kufuga mbwa pasipo haja, lakini wametolewa katika katazo hilo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Kila aliyepita chuoni anajua kwamba Watu wa Pango walikuwa na mbwa wao mlangoni, na kwamba katika Surat al-Maida imetajwa halali ya windo la mnyama aliyefundishwa. Tena iko habari mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu ya kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi kumfuga kwa haja kuna ruhusa, na kumtesa hakuna ruhusa.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hivyo mtu atembeaye na mbwa na afanye mambo matatu. Awe na kanzu au suruali ya kazi iliyo mbali na nguo ya kusalia. Mbwa awe na chombo chake mwenyewe cha maji, kisichochanganywa na vyombo vya nyumbani. Na kamba iwe ndefu kidogo, ili mbwa atembee mbele au kando bila kumgusa mwenyewe. Akiyashika haya, matembezi hayatamharibia sala yake.

Lakini yako makosa tunayoyaona katika mashamba mengi. Mbwa hufungwa kwa mnyororo chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka usiku, mwaka mzima. Mbwa wa namna hii huharibika tabia. Humbwekea kila apitaye, awe mwizi awe jirani aliyekuja kuomba moto, na siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kung'atwa ni mtoto wa nyumbani. Mbwa anayetembezwa kila siku, japo nusu saa, huijua mipaka ya shamba, huijua harufu ya majirani, na huitika aitwapo. Akibweka usiku, mwenyewe anajua kuna jambo.

Kwa nini mbwa asivushwe bahari

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa kung'atwa, au kwa mate kugusa kidonda. Hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Pengine huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Katika muda huo mbwa huonekana mzima: hula, hucheza, hutikisa mkia. Ndiyo maana mtu aweza kumnunua mtoto wa mbwa bara, akampakia chomboni, akafika naye Wete au Mkoani akiwa mzuri kabisa, kumbe amebeba mauti. Na dalili zikisha kuonekana, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hapana anayepona.

Sisi Wapemba hatuhadithiwi habari hii. Kichaa cha mbwa kilikuwapo kisiwani petu, na kampeni za kuchanja mbwa zilizofanywa kuanzia mwaka 2010 zilikimaliza ilipofika mwaka 2014. Watu wakapumua. Kisha mwaka 2016 kikaonekana tena. Wataalamu walipochunguza nasaba ya kirusi chenyewe waliona kwamba hakikuwa mabaki ya kile cha zamani, bali kimeingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi kazi ianze tena: mbwa wakachanjwa kijiji kwa kijiji, na mwaka 2018 kikamalizwa kwa mara ya pili. Habari hizi zimeandikwa katika majarida ya kitaalamu, na sasa nchi nyingine zajifunza kutoka Pemba.

Tazameni basi: kazi ya miaka minne iliharibika kwa sababu ya wanyama waliovushwa maji. Bahari ni ukuta wetu. Kijiji cha bara hupakana na vijiji vingine, na mbwa mgonjwa huingia kwa miguu yake usiku. Kwetu hawezi kuingia kwa miguu, ila aletwe na mtu. Ukuta huo ni neema waliyonyimwa wengi, na ufunguo wake umo mikononi mwa kila mwanachama anayepanda boti.

Kama iko haja ya kweli, mathalan mtu anahama na mali yake yote, basi afuate sheria. Aende kwanza ofisi ya mifugo, mbwa achanjwe mapema, kadi ya chanjo iandikwe, na kibali cha kusafirisha mnyama kipatikane kabla ya safari. Na chombo atakachopanda akiulize mapema kama kinapokea mbwa. Kumficha mbwa ndani ya kapu chini ya mizigo ni kuwafanyia uadui majirani zako.

Matembezi ya Morogoro

Sasa twende Morogoro, kwa wale wenye mwenyeji mwenye mbwa. Kabla ya kushika kamba, muulize mwenyeji wako swali moja: mbwa huyu amechanjwa, na kadi yake iko wapi? Kama hakuchanjwa, Morogoro si mahali pa kukosa msaada. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina madaktari wa mifugo na hospitali ya wanyama. Mpeleke kwanza huko, na matembezi yaje baadaye.

Mji wa Morogoro uko kiasi cha kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, chini ya Milima ya Uluguru. Milima hii imesimama juu ya mji kama ukuta wa kijani. Kilele cha Lupanga kinachoonekana kutoka mjini chapita mita 2,100, na Kimhandu, kilicho kirefu kupita vyote, chapita mita 2,600. Maji ya mto Ruvu, yanywewayo Dar es Salaam, chimbuko lake ni huku. Upande wa mashariki unaoelekea bahari hupata mvua nyingi karibu mwaka mzima, na upande wa magharibi ni mkavu zaidi. Wenyeji ni Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, na ardhi tangu zamani ni ya ukoo. Jambo hili mlikumbuke, kwani kila njia ya mlimani inapita katika shamba la mtu.

Matembezi ya kwanza ni ya mjini, kwa asiyependa kupanda. Mtu atoke alfajiri baada ya sala, kabla magari hayajawa mengi, afuate barabara ya Boma kuelekea mlimani. Miti ni mikubwa, upepo ni wa baridi, na mto Morogoro wasikika ukishuka. Saa moja yatosha, kwenda na kurudi. Kamba isitoke mkononi, maana wakati huo ndipo kina mama wa Kiluguru wanaposhuka na mboga na ndizi kichwani kwenda sokoni. Mwanamke aliyebeba mzigo kwenye mteremko akishtushwa na mbwa, ataanguka yeye na mzigo wake wa siku nzima. Ukimwona anakuja, simama kando upande wa chini, mkalishe mbwa, salimu, na mwache apite.

Matembezi ya pili ni ya kupanda mpaka Morningside, palipo na jengo la kale la tangu wakati wa Wajerumani. Njia hupanda kutoka mjini kwa muda wa saa mbili au tatu kwa mtu wa mwendo wa kawaida. Mtu hupita bustani za mboga zilizopandwa kwenye miteremko ambayo mkulima wa kwetu angesema haipandiki hata kwa ngazi. Akifika juu huuona mji wote chini, na nyuma yake uwanda mpana unaopotelea mbali. Hapa mbwa hufurahi kupita kiasi kwa sababu ya baridi. Lakini Morningside ndiyo iwe mwisho wa mbwa. Kutoka hapo kwenda juu ni msitu wa hifadhi, nasi tutaeleza habari zake mbele.

Matembezi ya tatu ndiyo yatakayompendeza mkulima wa karafuu kuliko yote. Wengi wetu hatujui kwamba mikarafuu iko Uluguru. Shika barabara itokayo Bigwa kupita Kiroka mpaka Mkuyuni na Matombo, kando ya mashariki ya milima. Huku, na kule Kinole ambako ndiko makao ya watemi wenye jina la Kingalu, utakuta mikarafuu imechanganyika na midalasini, pilipili manga, iliki na migomba katika shamba moja. Kwetu mikarafuu imesimama kwa safu tangu zama za wazee wetu, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikashika uongozi. Kule kila mti umejitafutia mahali pake mlimani. Mtu aweza kutembea asubuhi nzima pamoja na mbwa wa mwenyeji wake, akiangalia wenzetu wanavyochuma penye mteremko, wanavyoanika, na wanavyozuia udongo usichukuliwe na mvua. Hayo ni masomo ya bure.

Lakini tunza adabu ya mkulima. Piga hodi kabla ya kuingia shambani. Mbwa asikanyage karafuu zilizoanikwa, wala asikojoe karibu na jamvi. Sisi tunajua uchungu wa kukataliwa mzigo kwa sababu ya uchafu, basi tusimletee mwenzetu balaa hilo. Na mbwa akimkamata kuku au kumjeruhi mbuzi, lipa papo hapo pasipo mabishano.

Matembezi ya nne ni ya uwandani, kwa asiyeweza mlima: njia za vumbi zilizo nje ya mji, penye mashamba ya mkonge. Huku njia ni tambarare, mtu huona mbali, na milima yote huonekana kwa pamoja. Mbwa ashikwe vizuri kando ya mkonge, kwani ncha za majani yake ni sindano, na jicho la mbwa liko kimo hicho hicho.

Tukiwa bado Morogoro, twapenda kutaja jambo moja la kufundisha. Katika Chuo cha Sokoine wako panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kazi hiyo ya shirika la APOPO imekuwapo tangu mwaka 2000. Panya hao hutembezwa kwa kamba asubuhi na mapema kabla ya jua kali, na kila wakifanya sawa hupewa kipande kidogo cha chakula. Mmoja wao, aitwaye Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Kiingereza la kutunza wanyama. Kama panya hufundishika kwa uvumilivu na ndizi, itakuwaje mbwa? Mtembeze muda mfupi kila siku, mwite kwa jina lake, mpe kidogo akiitika. Fimbo haifundishi kitu isipokuwa woga.

Mahali ambapo mbwa haendi

Misitu ya juu ya Uluguru ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, nayo yapita hekta 24,000. Ndani yake wamo ndege na vyura ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na wamo paa wa msituni, pamoja na minde, ambaye nje ya Tanzania hayupo. Mbwa hata akiwa mpole kiasi gani, pua yake ikinasa harufu ya paa atakimbia, na huenda asirudi. Tena huacha magonjwa yake kwa wanyama wa mwitu na kuchukua yao. Mtu akitaka kufika Lupanga au Bondwa, apate ruhusa ya wenye hifadhi, achukue mwongozaji, na mbwa abaki nyumbani kwa mwenyeji.

Kadhalika Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa yapita ndani yake. Wanyama wa kufugwa hawaingizwi katika hifadhi za taifa kutembezwa. Usimshushe mbwa garini kwa kusema ni dakika moja tu. Simba na chui hawangoji dakika ya pili.

Hatari za njiani

Ya kwanza ni joto. Mbwa hatoki jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema na ulimi nje. Januari na Februari Morogoro huwa na joto kali, basi atembezwe alfajiri au jioni. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami: kama huwezi kuuacha hapo kwa muda wa kuhesabu mpaka saba, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Akianza kuyumba na kutoa mate mazito, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpe anywe kidogo kidogo. Miezi ya baridi ya Juni mpaka Agosti ndiyo mizuri kwa kutembea, ila kwetu mwezi wa Julai kwa kawaida ndipo msimu mkubwa wa karafuu unapoanza, na kila mmoja ataamua mwenyewe lililo muhimu. Mwezi Machi mpaka Mei ni masika, na njia za mlimani huteleza kama bamia.

Ya pili ni mbung'o. Kisiwa cha Unguja kiliwamaliza mwaka 1997 kwa kuachia madume waliofanywa tasa, lakini bara wako bado, hasa penye pori na wanyama wa mwitu. Mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, na mbwa ni mmoja wa wanaokufa kwa huo: hupata homa, macho hufanya ukungu, hukonda. Hii ni sababu nyingine ya kumwacha mbwa wa kisiwani nyumbani, kwani hakuzoea adui huyu.

Ya tatu ni kupe. Kila mrudipo, mwenyeji na apekue masikio, kwapa na katikati ya vidole vya mbwa. Kupe ang'olewe kwa koleo dogo, avutwe moja kwa moja pasipo kupindwa. Ya nne ni nyoka. Kifutu hulala njiani asikimbie, na mbwa huenda kumnusa, kwa hivyo mbwa asitangulie mbali penye majani marefu.

Mtu akiumwa na mbwa, awe wa Morogoro awe wa Pemba, asingoje kuona kama mbwa atakufa. Aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Asitie jeraha majivu, wala mafuta ya taa, wala dawa ya majani. Dawa ya ugonjwa huu yajulikana tangu mwaka 1885, Pasteur alipomchanja kijana wa Kifaransa aliyeng'atwa, na kijana akaishi. Afaye leo mara nyingi hufa kwa kuchelewa.

Matembezi ya kwetu

Msidhani kwamba starehe iko bara tu. Mbwa wa shamba ana kisiwa kizima. Mzungushe mpaka wa shamba asubuhi, ndiyo kazi yake na ndiyo furaha yake. Siku isiyo ya kuchuma mchukue kwenye mabonde ya mpunga uliokwisha kuvunwa, akimbie. Mpeleke pwani maji yanapokupwa, mbali na wanaokausha dagaa na mwani. Siku ya wasasi mwache aende na wenzake, lakini akirudi mtazame majeraha, kwani meno ya nguruwe hukata kama kisu.

Pako mahali pa kuepuka hapa petu pia. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, nako wako popo wakubwa na bundi wasiopatikana popote duniani isipokuwa Pemba. Kisiwa cha Misali nacho hutagiwa mayai na kasa, na mbwa mmoja aweza kufukua viota vyote kwa usiku mmoja.

Neno la mwisho

Wataalamu wasema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kupita na hufa chenyewe. Hesabu hiyo kwetu ni rahisi, kwani mbwa wengi wa kisiwani ni wa mashambani, na mashamba ni yetu sisi. Basi twawaomba wanachama kila mmoja afanye haya:

1. Amwandikishe na kumchanja kila mbwa wa shamba lake mwenye umri wa miezi mitatu au zaidi, na arudie kila mwaka. Tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, iwe ukumbusho wetu.

2. Aiweke kadi ya chanjo pamoja na karatasi za shamba, isipotee.

3. Asilete mbwa wala mtoto wa mbwa kutoka ng'ambo pasipo kibali, na akimwona mtu analeta, amshauri kwa upole, kisha aiarifu ofisi ya mifugo ya wilaya.

4. Amfungue mbwa mnyororo nusu saa kila siku, atembee naye.

Mwenye safari ya Morogoro twamtakia safari njema. Apande mlima, atazame mikarafuu ya wenzetu, acheze na mbwa wa mwenyeji wake mpaka achoke. Akirudi atuletee habari za bei za huko na namna wanavyoanika wakati wa mvua, nasi tutaziandika humu. Mzigo wa namna hiyo ndio tunaotaka uvuke bahari.

Wasalaam,
Katibu, kwa niaba ya Kamati